John Newton: Neema Ilivyomfundisha Haki



Tunapoadhimisha yubile ya kwaya yetu, tumeona vyema tuwasimulie wasomaji wa kijitabu hiki maisha ya mtu ambaye wengi wetu tumeimba wimbo wake bila kumjua. Wimbo wenyewe ni ule wa neema ya ajabu, ambao watu wengi huuita kwa jina lake la Kiingereza, Amazing Grace. Tumeuimba makaburini na arusini, katika mikutano ya injili na katika ibada za kawaida. Aliyeutunga ni John Newton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1725 na kufa mwaka 1807.

Hatumwandiki kwa sababu alikuwa mtakatifu tangu mwanzo. Tunamwandika kwa sababu maisha yake yanagusa swali linalomhusu kila aliyeokoka: mtu akishapokea neema, haki huingia lini katika kazi yake, katika mfuko wake na katika namna anavyowatendea walio chini yake? Kwa Newton jambo hilo lilichukua miaka mingi, na wako watu walioumia wakati yeye akiendelea kujifunza.

Mtoto wa nahodha

John Newton alizaliwa Wapping, mtaa wa mabaharia jijini London kando ya mto Thames. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara zilizosafiri katika bahari ya Mediterania, na mara nyingi hakuwako nyumbani. Malezi yalikuwa mikononi mwa mama yake, Elizabeth, mwanamke mcha Mungu. Mama huyu alimfundisha kusoma angali mdogo sana, akamkaririsha Maandiko, katekisimu na nyimbo za Isaac Watts. Tamaa yake kubwa ilikuwa mwanawe awe mchungaji. Lakini Elizabeth alikuwa na ugonjwa wa kifua kikuu. Alifariki mwaka 1732, mtoto akiwa hajatimiza hata miaka saba.

Baba alioa tena, na kijana alipofika miaka 11 alimchukua baharini. Huko mafundisho ya mama yalianza kufifia. Newton alikua na kuwa kijana mkaidi, mwenye matusi ambayo hata mabaharia waliozoea matusi waliyashangaa. Alisoma vitabu vilivyomtoa katika imani, kisha akawa anawavuta wenzake nao waikane. Kitu kimoja tu kilimshika: mwaka 1742 alikutana na Mary Catlett, binti wa rafiki za marehemu mama yake huko Kent, akampenda na asimsahau tena.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kutiwa katika manowari ya mfalme iliyoitwa Harwich, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile wanamaji walipopungua. Alitoroka, akakamatwa, akachapwa viboko mbele ya mabaharia wote na kuvuliwa cheo. Nahodha hakumtaka tena. Nafasi ilipotokea ya kumbadilisha na baharia wa meli ya biashara iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi, alimwacha aende zake. Meli hiyo ilikuwa ikienda kununua watumwa.

Chakula kutoka kwa waliofungwa

Newton alishuka katika visiwa vya Plantain, karibu na pwani ya Sierra Leone, akafanya kazi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa mfanyabiashara wa watumwa. Tajiri huyu alikuwa akiishi na mwanamke Mwafrika wa ukoo wenye heshima mahali pale. Newton aliposhikwa na homa kali, tajiri alisafiri na kumwacha chini ya uangalizi wa mwanamke huyo, ambaye hakumpenda. Alilala juu ya mkeka, kichwa chake juu ya gogo. Maji ya kunywa aliyapata kwa shida, na chakula chake kilikuwa mabaki ya mezani. Njaa ilipozidi alikuwa akitoka usiku kung'oa mihogo shambani na kuila mbichi, ikamtapisha.

Katika hali hiyo kuna watu waliomhurumia. Walikuwa watumwa waliokuwa wamefungwa minyororo, wakingoja kuuzwa. Walimletea chakula kwa siri, wakikitoa katika posho yao ndogo, nao walijua kwamba wakionekana wangeadhibiwa. Newton mwenyewe ndiye aliyeyaandika haya baadaye katika kitabu cha maisha yake.

Tunaomba msomaji asiipite habari hii haraka. Kabla ya dhoruba ambayo wahubiri wengi huisimulia, na kabla ya sala yake ya kwanza ya toba, Newton alikuwa ameshaonja neema. Aliionja katika mikono ya Waafrika ambao hatuyajui majina yao. Hawakuwa na deni lolote kwake. Yeye alikuwa mtu wa upande wa waliowafunga. Walimpa chakula walichokihitaji wenyewe, bila kutazamia malipo. Kama kuna maelezo mafupi ya neema, ni hayo.

Dhoruba ya 1748

Baada ya muda Newton alihamia kwa mfanyabiashara mwingine na hali yake ikawa afadhali. Nyumbani, baba yake alikuwa amemwomba tajiri mmoja wa meli wa Liverpool, Joseph Manesty, amtafute mwanawe. Meli ya Manesty iliyoitwa Greyhound ilimpata, naye akakubali kurudi.

Mwezi wa Machi 1748, Greyhound ikiwa katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini, dhoruba kali iliipiga usiku. Newton aliamshwa na maji yaliyoingia mpaka chumbani alimolala. Alipokuwa akipanda juu, nahodha alimwagiza arudi kuleta kisu. Mwenzake aliyetangulia mahali pake alisombwa na wimbi papo hapo. Ubavu wa meli ulikuwa umepasuka. Bahati yao ni kwamba shehena ilikuwa nta na mbao nyepesi, vitu vinavyoelea. Newton alipiga pampu tangu alfajiri hadi adhuhuri, kisha akashika usukani. Katika saa hizo, maneno ya kuomba rehema yalimtoka kinywani bila kutazamia, akashtuka kujisikia. Alijiuliza ni rehema gani anayoweza kupata mtu kama yeye.

Meli haikuzama. Waliyumba kwa wiki kadhaa, chakula kikiwaishia, hadi tarehe 8 Aprili walipofika pwani ya Ireland. Tangu hapo, kila mwaka hadi uzeeni, Newton aliitunza tarehe 21 Machi kwa maombi na shukrani.

Ibada juu, minyororo chini

Wengi wanapousimulia ushuhuda wa Newton husema kwamba aliokoka baharini, akaacha biashara ya watumwa, akatunga wimbo. Ukweli haukwenda hivyo. Mwaka uleule wa 1748 alirudi Afrika Magharibi akiwa msaidizi wa nahodha katika meli ya watumwa. Mwaka 1750 alimwoa Mary, kisha kati ya mwaka huo na 1754 akawa nahodha mwenyewe wa safari tatu za watumwa, kwanza katika meli ya Duke of Argyle, halafu mara mbili katika meli iliyoitwa African.

Alikuwa ameacha matusi. Alisoma Biblia kila siku. Siku ya Bwana aliwakusanya mabaharia mara mbili kwa sala. Alimwandikia mkewe barua zenye upendo na shukrani kwa Mungu. Wakati huohuo, chini ya sitaha aliposimama kuomba, katika ngama, yaani sehemu ya chini ya meli inayowekwa mizigo, walikuwa wamelazwa wanaume, wanawake na watoto katika minyororo. Katika shajara yake ya nahodha aliandika jinsi alivyowabana wavulana vidole gumba kwa chuma ili wakiri mpango wa maasi. Aliandika bila kutetemeka, kama mtu anayeandika hesabu za siku.

Safari yake ya mwisho haikupotewa na mtu hata mmoja kwa kifo, jambo ambalo lilikuwa nadra katika biashara ile. Aliporudi Liverpool alitoa shukrani kanisani kwa safari njema. Watu aliowavusha walikuwa wamekwisha kuuzwa.

Je, alikuwa mnafiki? Hatuamini hivyo. Mnafiki hujua anachokificha. Newton hakuona kwamba kuna cha kuficha. Biashara ile iliruhusiwa na sheria, iliheshimiwa na jamii, na matajiri wake walikaa viti vya mbele kanisani. Aliiona kama kazi ambayo Mungu amempangia. Kazi yenyewe haikumfurahisha, kwa maana alijiona kama mlinzi wa gereza, na wakati mwingine aliomba Mungu ampe kazi yenye utu zaidi. Lakini hakuwahi kuuliza kama kazi ile ni dhambi. Hapa ndipo penye onyo kwetu. Mtu anaweza kuomba kwa moyo safi, akaimba kwa machozi ya kweli, na bado akawa amesimama juu ya ngama asiyoitazama.

Olney: neema jikoni

Mwishoni mwa mwaka 1754, siku mbili tu kabla ya kuanza safari nyingine, Newton alianguka ghafula akiwa na mkewe wakinywa chai. Madaktari walimshauri asisafiri. Hakurudi tena baharini akiwa nahodha. Kwa hiyo hata kuacha kwake biashara ile kulitokana na ugonjwa, si na dhamiri.

Alipata kazi ya serikali bandarini Liverpool, akikagua meli zinazoingia. Jioni alijifunza Kigiriki na Kiebrania. Mwaka 1758 aliomba kuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, akakataliwa. Alingoja miaka sita. Mwaka 1764, akiwa karibu kutimiza miaka 39, aliwekewa mikono na kutumwa Olney, mji mdogo ambao wakazi wake wengi walikuwa maskini waliofuma lesi majumbani kwa ujira mdogo. Maombi ya mama yake yalikuwa yamejibiwa miaka 32 baada ya kifo chake.

Newton alikaa Olney miaka 16. Alitembea nyumba kwa nyumba, aliwafundisha watoto, na kanisa likajaa hata ikabidi kuongeza ghorofa ndogo ya viti ndani. Mfanyabiashara mmoja Mkristo, John Thornton, alimpa pauni 200 kwa mwaka ili awakirimu wageni na kuwasaidia maskini, na fedha hizo zilikwenda huko.

Kwa mkutano wa maombi wa kila wiki Newton alitunga nyimbo za kuelezea fungu la Biblia alilofundisha. Alimshirikisha jirani yake, William Cowper, mshairi mashuhuri aliyekuja kuishi Olney mwaka 1767. Mwaka 1779 walichapisha nyimbo 348 katika kitabu kilichoitwa Olney Hymns. Nyingi ni za Newton.

Wimbo wa neema ya ajabu ulitungwa kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1773. Fungu la siku hiyo lilikuwa 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Mfalme Daudi anapoketi mbele za Bwana na kustaajabu kwamba yeye na nyumba yake wamefikishwa walipofika. Wanakwaya watapenda kujua kwamba watu wa Olney hawakuuimba kwa sauti tunayoijua sisi. Maneno hayo yaliunganishwa na sauti ya leo mwaka 1835 huko Marekani, katika kitabu cha nyimbo cha William Walker. Newton alikuwa amefariki miaka 28 kabla.

Kuna jambo jingine la Januari hiyo ambalo husahaulika. Cowper alikuwa mtu wa huzuni nzito, na mwezi huohuo ugonjwa wake wa akili ulirudi kwa nguvu. Aliamini kwamba Mungu amemkataa milele, na alijaribu kujiua. Newton na Mary walimpokea katika nyumba yao wenyewe, wakakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Hakupona kwa maombi ya siku moja. Hakurudi kuketi kanisani. Walimpikia, walimlinda usiku, na waliandamana naye bustanini. Watumwa wa visiwa vya Plantain walikuwa wamempa Newton chakula chao. Sasa yeye na mkewe walitoa nyumba yao. Wimbo ulitungwa mwanzoni mwa mwaka, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa umegeuka kuwa kazi ya jikoni na ya kukesha.

Kijitabu cha 1788

Mwaka 1780 Newton alihamia London, kanisa la St Mary Woolnoth, katikati ya mabenki na maduka makubwa. Desemba 1785 alitembelewa kwa siri na mbunge kijana, William Wilberforce, aliyekuwa ameokoka karibuni na kufikiri aache siasa ili amtumikie Mungu. Newton alimshauri abaki bungeni, kwa kuwa huenda Mungu amemweka pale kwa faida ya taifa. Miaka michache baadaye Wilberforce alianza kupeleka bungeni hoja ya kukomesha biashara ya watumwa.

Sasa Newton alitakiwa kufanya alichokuwa hajafanya kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 1788 alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa wa Afrika. Alikuwa mchungaji maarufu wa miaka 62, mwenye sifa njema, na hakuna aliyekuwa akimdai maelezo. Alieleza kila kitu. Alisema jinsi watu walivyolazwa kwa safu wakibanana kama vitabu kwenye rafu, jinsi wagonjwa na wafu walivyofungwa mnyororo mmoja na walio hai, jinsi wanawake na wasichana walivyoachwa mikononi mwa mabaharia. Alikiri kwamba yeye alikuwa mshiriki, kwamba ungamo lake limekuja kwa kuchelewa, na kwamba fedheha hiyo itabaki naye. Kijitabu kilipelekwa kwa wabunge. Kisha alisimama mbele ya baraza la mfalme, na baadaye, mwaka 1790, mbele ya kamati ya Bunge, akatoa ushahidi kama mtu aliyeona na kutenda.

Hatusemi kwamba Newton ndiye aliyeikomesha biashara ile. Watumwa wenyewe walikuwa wameasi tangu zamani, hata katika meli zake. Mwaka 1789 Olaudah Equiano, Mwafrika aliyeuzwa utotoni na kujikomboa kwa fedha zake, alichapisha habari za maisha yake, na sauti yake ilikuwa na uzito ambao sauti ya nahodha haiwezi kuwa nao. Lakini ushahidi wa Newton ulifunga mdomo wa wale waliodai kwamba mambo hayo yametiwa chumvi. Aliyesema alikuwa ameshika funguo za minyororo.

Mapambano yalichukua karibu miaka 20. Mwaka 1807 Bunge lilipiga kura 283 dhidi ya 16, na tarehe 25 Machi sheria ikatiwa sahihi. Newton alikuwa karibu kipofu na mkewe alikuwa ameshafariki, tangu mwaka 1790. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huohuo wa 1807, akiwa na miaka 82. Maneno ya kaburi lake aliyaandika mwenyewe. Hakutaja nyimbo. Alitaja kwamba alikuwa mpotevu na mtumishi wa watumwa katika Afrika, na kwamba rehema ya Yesu Kristo ndiyo iliyomhifadhi, ikamrejesha na kumpa kuihubiri imani aliyojaribu kuiharibu.

Kutoka London hadi Mombasa

Hadithi hii inatufikia hata sisi wa Kenya. Newton alikuwa mmoja wa walioanzisha mwaka 1783 kikundi kidogo cha mazungumzo cha wachungaji kilichoitwa Eclectic Society. Kutoka katika kikundi hicho kilizaliwa mwaka 1799 chama cha wamisionari cha CMS. Ni CMS iliyomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuzika mkewe na mtoto wao mwaka huohuo, kisha akaanza kazi Rabai pamoja na Johannes Rebmann.

Sheria ya 1807 haikuzuia biashara ya watumwa katika pwani yetu. Iliendelea hadi mwaka 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1875 CMS ilianzisha Frere Town, Mombasa, makao ya watu waliokombolewa kutoka katika majahazi. Kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni, ambalo abiria wa matatu za Nyali hulitamka kila siku. Hata hivyo, utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, miaka 100 kamili baada ya sheria ile ya London.

Yubile yenyewe

Katika Kiswahili tuna neno moja, haki, linalobeba mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenganisha. Haki ni kukubaliwa mbele za Mungu, na haki ni kumpa mwenzako kilicho chake. Newton alipata ya kwanza kwa saa chache katika dhoruba. Ya pili ilimchukua miaka 40. Neno letu halituruhusu kuziacha mbali hivyo.

Neno yubile nalo linatoka katika Walawi 25. Mwaka wa hamsini baragumu ilipigwa katika Siku ya Upatanisho, siku ile ile ambayo dhambi za watu zilifunikwa. Baragumu hiyo ilitangaza kwamba watumwa waende huru na mashamba yarudi kwa wenyewe. Msamaha wa Mungu na haki ya jirani vilitangazwa siku moja, kwa mlio mmoja. Wapiga baragumu wa siku zile ndio sisi wanakwaya wa leo.

Kwa hiyo tunawaomba wanakwaya na washirika wote, katika mwaka huu wa shangwe, kila mmoja aitazame ngama yake. Yuko dada wa kazi anayeamka saa kumi alfajiri ili sisi tufike mazoezini kwa wakati. Je, mshahara wake unafika kwa wakati, na Jumapili naye ana nafasi ya kuabudu? Yuko kibarua aliyelima shamba letu na anazungushwa kwa ahadi za kesho. Yuko mjane katika ukoo ambaye kipande chake cha ardhi kinajadiliwa bila yeye kuitwa. Iko mizani dukani, iko chai inayotolewa ofisini ili faili isogee, liko deni la chama ambalo mdaiwa hulikwepa kwa kubadilisha njia. Mambo haya yote jamii imeyazoea, kama London ilivyozoea meli za watumwa. Mazoea hayayafanyi kuwa haki.

Yuko pia mgonjwa wa moyo kama Cowper, ndugu aliyeacha kuja kanisani na ambaye hatujui la kumwambia. Newton hakuwa na la kumwambia pia. Alimfungulia mlango, akakaa naye.

Maisha haya yana faraja na yana onyo. Faraja ni kwamba Mungu hakumtupa Newton kwa sababu alijifunza polepole. Neema iliyomshika baharini haikumwachilia mpaka imemfikisha kwenye ukweli wote. Onyo ni kwamba kuchelewa kwake kulilipwa na watu wengine, walioshuka katika minyororo huku nahodha wao akiomba. Yeye mwenyewe hakujitetea kwa hilo, wala sisi tusimtetee.

Tutakapousimamia wimbo wake katika ibada ya yubile, tuuimbe kwa furaha, sauti zote nne. Tena tuwakumbuke wale wa visiwa vya Plantain waliokuwa wamefungwa na wakagawa chakula chao. Kisha Jumatatu asubuhi, anayedaiwa mshahara na amlipe mwenzake, na mwenye ndugu mgonjwa na ampigie simu.